Mpira wa Kikapu na Malezi: Niliyojifunza Chuoni Nayafundisha Mtaani

Na Mwandishi Wetu, Jinja

Wazazi wengi, wamwonapo mtoto akitoka nyumbani na mpira mkononi, hufikiri kwanza juu ya viatu vitakavyochanika, maji yasiyotekwa, na daftari lililoachwa wazi juu ya meza. Siwalaumu. Mimi nami ni mzazi, tena mtumishi wa serikali ambaye mshahara wake unajua njia ya kwenda dukani kuliko ninavyoijua mimi. Hata hivyo, kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja za jioni, nikisha kufunga jalada la mwisho mezani pangu, sielekei nyumbani. Naelekea kwenye kiwanja cha changarawe nyekundu kilicho nyuma ya shule ya msingi ya mtaani kwetu, ambako vijana ishirini na wanne, wasichana kwa wavulana, wananingoja nao wamekwisha kuzipanga jerikani zao za maji katika mstari mmoja.

Jerikani hizo zina kisa chake, nami nitakieleza. Lakini kwanza yafaa msomaji ajue ni mtu wa namna gani anayewafundisha watoto hao, maana makosa ya mwalimu huyo ndiyo yaliyomfanya awe mwalimu.

FAHARI YA MWAKA WA KWANZA

Nilipoingia chuo cha ualimu nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na sikuwa nimewahi kuushika mpira wa kikapu. Kijijini kwetu mpira ulikuwa ni wa miguu, na mara nyingi tuliufunga wenyewe kwa majani makavu ya migomba. Mkufunzi wa mazoezi ya viungo alinitazama tangu unyayo hadi utosi, akaniambia, "Wewe umeumbwa karibu na kikapu, njoo." Nikaenda.

Urefu huo ulinipotosha. Katika muda wa mwaka mmoja nilikwisha kuwa mfungaji hodari wa timu, na jina langu likawa linatajwa bwenini. Nilipoupata mpira, sikuona mtu mwingine ila pete ya chuma. Pointi zangu zilikuwa nyingi, na timu yetu ilikuwa ikishindwa. Sikuyaunganisha mambo hayo mawili.

Siku moja mkufunzi aliniweka benchi kwa mchezo mzima, akanipa karatasi na kalamu. "Andika," alisema, "kila pasi, na jina la aliyeitoa." Niliandika kwa hasira. Hadi filimbi ya mwisho karatasi ilikuwa imejaa majina ya wenzangu, na siku hiyo tulishinda. Kisha akanitolea karatasi nyingine aliyoiandika yeye mwenyewe katika mchezo uliotangulia, ambao mimi nilicheza. Jina langu lilikuwamo mara mbili tu. Hakuongeza neno. Wahenga walikwisha sema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, lakini mimi nilihitaji kuliona jambo hilo kwa wino.

UONGO WA MANENO MATATU

Laiti masomo yangu yangaliishia hapo. Katika mwaka wa pili, siku nne kabla ya kupambana na chuo jirani, niliteguka kifundo cha mguu wa kushoto mazoezini. Usiku nilichana kipande cha shuka, nikakifunga mguu barabara, na asubuhi mkufunzi alipouliza hali yangu nilimjibu maneno matatu: "Mguu ni mzima."

Mguu haukuwa mzima. Nilicheza nusu ya kwanza kwa kuuma meno. Katika nusu ya pili niliruka kuupokea mpira uliogonga ubao, nikatua vibaya juu ya mguu uleule, na sauti niliyoisikia ndani yake sijaisahau hata leo. Nilitembea kwa mkongojo muda wa miezi mitatu. Miezi hiyo ndiyo ilikuwa ya mazoezi ya kufundisha, ambayo bila ya hayo hapana cheti. Wenzangu walihitimu, mimi nilirudi kusubiri mwaka mwingine.

Baba yangu alikuwa ameuza ng'ombe ili kulipa karo. Sasa ilimbidi auze wa pili, yule aliyekuwa akitoa maziwa ya wadogo zangu. Hakunigombeza. Tulipokuwa tumekaa nje jioni aliniuliza jambo moja tu: "Mchezo huo ulikulipa nini, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Niliyatazama maji yaliyokuwa yakichemka jikoni, nikanyamaza.

MCHEZO ULIOBUNIWA NA MWALIMU

Wengi hawajui kwamba mpira wa kikapu ni mchezo uliozaliwa darasani. Mwezi Desemba mwaka 1891, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, James Naismith, alikabidhiwa darasa la vijana wakorofi ambao kwa sababu ya baridi kali hawakuweza kucheza nje. Alitakiwa abuni mchezo wa ndani usiovunja watu mifupa. Alipigilia vikapu viwili vya matunda kwenye ukingo wa roshani, akaandika kanuni 13, akawagawa wanafunzi wake 18 katika timu mbili za watu tisa tisa.

Fikira yake yafaa kuzingatiwa na kila mlezi. Aliona kwamba katika michezo mingine watu huumizana kwa sababu lango liko chini, na mwenye nguvu hujipenyeza kwa mabavu. Basi akaliweka lango juu ya vichwa vya watu, mahali ambapo nguvu peke yake haifai kitu, na mchezaji hulazimika kuutupa mpira kwa utaratibu na kipimo. Aidha alikataza mtu kukimbia akiwa ameukumbatia mpira, ili pasiwe na sababu ya kumwangusha. Huo ni ualimu mtupu: badala ya kuwakemea watoto wakorofi, alibadilisha mazingira hata ukorofi ukakosa faida.

KISA CHA JERIKANI

Nilianza kuwafundisha vijana wa mtaani mwaka 2022. Msomaji atakumbuka kwamba shule zetu za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, na katikati yalirudi madarasa machache tu kwa muda. Ilikuwa karibu miaka miwili. Watoto waliporudi, wengine walikuwa wamesahau hata namna ya kukaa pamoja bila ya kugombana. Mwalimu mkuu wa shule ile aliniomba nije niwashughulishe jioni. Mchomeleaji wa vyuma wa mtaani alituundia pete mbili za nondo, fundi seremala akatoa mbao, na nguzo zikawa za mikaratusi.

Wiki ya kwanza walikuja watoto thelathini. Wiki ya tatu walibaki tisa, na wasichana wote walikuwa wametoweka. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza. Nyanya mmoja, mlezi wa msichana wa miaka kumi na minne, alinikaribisha vizuri, akaniandalia chai, kisha akaniambia kwa upole, "Mwalimu, wewe unamtaka saa kumi na moja. Mimi namtaka saa hiyohiyo. Nikikupa wewe, nani atateka maji?"

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeaibika, kwa kuwa sikuwa nimeliwaza jambo hilo. Mimi kwangu maji huletwa na mtu mwingine. Siku iliyofuata nilitangaza kwamba kila mchezaji aje na jerikani yake tupu. Mazoezi yatakwisha saa kumi na mbili kasorobo, kisha timu nzima, wavulana pamoja nao, itakwenda bombani kwa pamoja. Mvulana aliyenung'unika kwamba maji ni kazi ya wasichana aliambiwa akazibebe za watu wawili.

Sasa jerikani hizo tunazipanga uwanjani, hatua mbili baina ya moja na nyingine, na watoto hudunda mpira wakizizunguka, mara kwa mkono wa kulia, mara kwa mkono wa kushoto. Hatujanunua kifaa chochote cha mazoezi. Na nyanya yule, ambaye mjukuu wake alikuwa akirudi na maji kabla ya giza akiwa pamoja na wenziwe ishirini, alinitumia ndizi mkungu mzima.

KANUNI NILIYOIVUNJA

Hapo mwanzo niliweka kanuni ambayo nilidhani haina dosari: asiyesoma hachezi. Kila mchezaji alete ripoti yake ya shule mwisho wa muhula. Kanuni hiyo ilipendwa na wazazi, nami niliipenda pia.

Kisha akaja mvulana wa miaka kumi na sita, mwenye mikono mirefu, akasimama pembeni ya kiwanja siku tatu mfululizo akitazama. Nilipomwuliza habari ya ripoti, alisema hakurudi shule tangu zilipofungwa. Alikuwa akimsaidia mjomba wake kukaanga chapati kando ya barabara, naye ndiye aliyekuwa akiwalisha wadogo zake wawili. Nikamwambia, kwa sauti ya mtumishi wa serikali, kwamba kanuni ni kanuni. Akaondoka.

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Nilijiuliza: kanuni hii nimemwekea nani? Aliye shuleni ana mwalimu, ana kengele, ana wenzake. Asiye shuleni hana hata kimoja, na mimi ninamnyima kile kimoja ambacho ningeweza kumpa. Asubuhi nilikwenda mahali pake pa chapati, nikanunua moja, nikamwomba radhi. Tulipatana kwamba badala ya ripoti ataniandikia kila Alhamisi ukurasa mmoja wa daftari juu ya jambo lolote. Kurasa za kwanza zilikuwa hesabu ya unga na mafuta. Nilizisahihisha vilevile. Mwaka 2024 alijiunga na mafunzo ya ufundi wa umeme wa majumbani. Chapati bado anakaanga siku za Jumamosi.

Kanuni ya masomo ingalipo, ila sasa nasema: kila anayecheza lazima awe anajifunza kitu, na lazima anionyeshe.

SIKU YA FAINALI

Mwaka 2023 timu yetu ya wasichana ilifika fainali ya mashindano ya mitaa. Nguzo ya timu ilikuwa yule mjukuu wa nyanya. Alikuwa mwepesi, mwenye macho ya kuona nafasi kabla haijafunguka, na pasi zake zilikuwa nyingi kuliko pointi zake, jambo ambalo mimi nililithamini kuliko yote.

Asubuhi ya fainali nilimwona akishuka kwenye kizingiti cha darasa kwa mguu mmoja. Nikamwuliza. Alinitazama usoni bila ya kupepesa, akasema, "Mguu ni mzima, Mwalimu."

Ndugu msomaji, maneno hayo niliyafahamu kama mtu anavyoifahamu sauti yake. Nilimketisha juu ya jerikani, nikavua kiatu chake, nikaubonyeza kwa kidole gumba mfupa wa kifundo upande wa nyuma. Akajizuia asilie, lakini machozi hayakumtii.

Sitamdanganya msomaji kwamba uamuzi ulikuwa mwepesi. Wazazi walikuwa wamekuja kwa wingi kuliko siku nyingine yoyote. Mimi mwenyewe nilikitaka kikombe kile. Kwa muda wa dakika nzima niliwaza kwamba pengine angeweza kucheza robo ya nne tu, akifungwa vizuri kwa kitambaa. Kisha nikakumbuka shuka langu lililochanwa. Nikampa karatasi na kalamu, nikamwambia aandike pasi.

Tulishindwa kwa pointi nne. Mzazi mmoja alinijia mbele ya watoto akaniambia, "Mwalimu, umetuuza." Msichana mwenyewe hakunisalimu kwa wiki kadhaa. Kwenye zahanati tuliambiwa kwamba mfupa haukuvunjika, ni kano zilizovutika, apumzike wiki tatu. Kwa hiyo wapo waliosema, na hata leo wanasema, kwamba angaliweza kucheza. Huenda. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nilikuwa nimekwisha kulipa bei ya jibu jingine kwa ng'ombe wa baba yangu.

MAMBO AMBAYO MZAZI AYAFAHAMU

Kwa kuwa ukurasa huu husomwa nyumbani, nayaandika hapa machache yatakayomfaa mzazi mwenye mtoto mchezaji.

Kwanza, kifundo kilichoteguka. Mtoto akae, mguu uinuliwe juu ya mto. Tumia barafu iliyofungwa katika kitambaa, au kitambaa kilicholowekwa katika maji baridi sana, kwa dakika 15 hadi 20, kisha rudia baada ya saa kadhaa. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Siku ya kwanza na ya pili usimkande kwa maji moto wala usimsugue kwa nguvu, kwani huzidisha uvimbe. Akishindwa kutembea hatua nne, au akilia ubonyezapo mfupa wenyewe wa kifundo kwenye ukingo wake wa nyuma au kwenye ncha yake, apelekwe hospitali apigwe picha. Mifupa ya mtoto ingali inakua, na sehemu zinazokua huumia kwa urahisi.

Pili, soksi na viatu. John Wooden, mwalimu mashuhuri wa timu ya Chuo Kikuu cha UCLA huko Marekani, ambaye timu yake ilitwaa ubingwa wa vyuo mara 10 baina ya mwaka 1964 na 1975, alikuwa akianza kila msimu kwa kuwafundisha wachezaji wake namna ya kuvaa soksi bila ya mkunjo. Mkunjo huleta lengelenge, na lengelenge humtoa mchezaji uwanjani. Raba za turubai zilizofungwa kamba vizuri zinatosha. Kiatu kikubwa kilichonunuliwa "ili akulie" ndicho kinachotegua watoto.

Tatu, vipimo. Pete ya wakubwa huwa juu kwa meta 3.05 kutoka ardhini, na upana wake ni kama sentimeta 45. Watoto wasiotimiza miaka kumi na miwili huwekewa pete ya meta 2.60 na mpira mdogo wa namba 5. Wasichana wakubwa na akina mama hutumia namba 6, wanaume namba 7. Mtoto anayelazimishwa kurusha mpira mzito kwenye pete ndefu hujifunza kuurusha kwa kiuno na bega, na kosa hilo humkaa hata ukubwani. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje upande ulio sawa.

Nne, maji ya kunywa. Anywe kabla ya kuhisi kiu, wala asinyimwe maji katikati ya mazoezi kwa imani kwamba yatamfanya mzito.

TUSIWADANGANYE WATOTO

Kuna jambo ambalo nawaambia vijana wangu mara kwa mara, hata kama hawalipendi. Ni wachache mno wapatao riziki kwa mpira huu. Wao hunitajia Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, nami nafurahi wanapomtaja, kwa sababu habari zake wanazijua nusu. Mutombo alikwenda Marekani mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha Georgetown kwa nia ya kusomea udaktari, wala si kucheza. Alihitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, akacheza misimu 18 katika ligi ya NBA, na kuzuia mipira 3,289. Udaktari hakuupata, badala yake alijenga hospitali Kinshasa, iliyofunguliwa mwaka 2007 kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024. Wagonjwa wa hospitali ile hawaulizi alizuia mipira mingapi.

Vilevile huwasimulia habari za jirani zetu wa Sudani Kusini, taifa lililopata uhuru mwaka 2011. Mwezi Julai 2024 timu yao, ambayo baadhi ya wachezaji wake walikulia ukimbizini, iliishinda Puerto Rico kwa pointi 90 kwa 79 katika Michezo ya Olimpiki, ilhali nchini kwao hapakuwa na hata uwanja mmoja wa ndani wa mpira wa kikapu. Nasi timu yetu ya Uganda, iliyoingia mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2015, ilifika robo fainali mjini Kigali mwaka 2021. Hayo huwaambia si ili waote utajiri, bali wajue kwamba kiwanja cha changarawe si kisingizio.

Swali la baba yangu limekaa nami miaka mingi. Mchezo haukunilipa kitu, na cheti changu ulikichelewesha. Lakini ulinifundisha kusoma karatasi ya pasi, kukubali kukaa benchi, na kuyatambua maneno matatu ya uongo yatokapo katika kinywa cha mtoto wa mwenzangu. Kwa mtu aliyepewa watoto wa watu awalee, hayo si mali ndogo.

Baba amekwisha kuwa mzee. Mwaka jana alikuja kunitembelea, nikampeleka kiwanjani, nikamketisha chini ya mti. Alitazama mazoezi yote bila ya kusema neno. Tulipokwenda bombani alisimama, akachukua jerikani ya mtoto mdogo kuliko wote, akaibeba hadi nyumbani kwao.

Basi, mzazi, jioni ya leo mtoto wako akiaga kwamba anakwenda kucheza, usimjibu upesi. Mwulize anacheza wapi, na nani anamfundisha. Kisha, siku moja ukipata nafasi, vaa viatu vyako uende ukatazame mwenyewe. Mwalimu wake, awe nani, atafurahi kukuona, na huenda ukamwambia jambo la nyumbani kwako ambalo hakuwa amelifikiria.